Arobaini ya Risper

Sella bado ana buibui langu, lile jeusi lenye ushanga mikononi, na nalisema hapa mbele za watu ili ajue sijasahau. Nilimwazima kwa moyo mweupe. Niliwaazima wote, wanawake sita wa ploti yangu, na ni Sella peke yake aliyekuwa na ujasiri wa kuniambia eti linampendeza kuliko mimi.

Lakini ngoja nianzie kwa Risper, kwa sababu maneno yote haya ni yake.

Mimi ni Jawahir, Mnubi wa Kibera, nimezaliwa hapa na wazee wangu wamezikwa hapa. Nina vyumba vya kukodisha Mashimoni, mistari miwili na bafu katikati, na wapangaji wananiita Mama Ramzy nikiwapo na Kanjo, yaani askari wa jiji, nikipita, kwa sababu nafoka. Ni kweli nafoka. Mtu akimwaga maji machafu mlangoni kwa mwenzake, nafoka. Lakini uliza yeyote kama amewahi kulala njaa kwa ploti yangu na mimi najua.

Risper alikaa chumba cha mwisho na mume wake Benard. Alikuwa msusi, mikono myepesi, akikusuka unasinzia. Na alikuwa mtu wa kunong'ona. Hata akikuomba chumvi, ungedhani anakupa siri ya serikali. Benard naye alikuwa fundi wa rangi, kazi zake nyingi huko Ayany kwa nyumba za ghorofa. Mpole mdomoni. Akiniona na mtungi wa maji anaupokea kabla sijafungua mdomo, "Leta mama, leta." Nilimpenda, kwa nini niseme uongo? Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki chetu hata kilikuwa kimepigwa pasi.

Siku aliyomvunja Risper mkono sitaisimulia. Walioiona wanatosha. Nitasema tu kwamba haikuwa mara ya kwanza kumpiga, na kwamba mara mbili kabla ya hapo Risper alitoka kwake na mara mbili akarudi, Benard akimtangulia amembebea mkoba, mimi nikiwaangalia kutoka mlangoni.

Mara hii tulimwita Caren. Caren ni msichana wa kituo cha akina mama, anawasaidia wanawake waliopigwa na waliofanyiwa mabaya. Mdogo, mwembamba, na hachekicheki na mtu. Alimpeleka Risper hospitali, akampeleka polisi, kesi ikafunguliwa. Benard akashikwa, ndugu zake wakamtoa kwa bondi akaenda kukaa kwao, na korti ikamwambia asimkaribie mke wake mpaka kesi iishe. Halafu Caren akamtafutia Risper chumba Kawangware, upande wa Gatina, akamhamisha mchana watu wakiwa makazini. Alipomaliza akatuita kando, mimi na Sella, kwa sababu Sella ndiye mwenyekiti wa chama chetu na hakuna kitu utamficha.

"Ni nyinyi wawili tu mnajua," akasema. "Benard akimpata kabla ya siku ya korti, hatampiga. Atambembeleza. Na Risper akibembelezwa anarudi. Mama Ramzy, akirudi tena, sijui kama tutamtoa akiwa hai."

Tukaapa kunyamaza. Mimi niliapa kwa Mwenyezi Mungu. Sella aliapa kwa kaburi la mama yake, na ni baadaye nilikumbuka mama yake yuko hai Ugenya anafuga kuku.

Sasa uelewe kitu kimoja kuhusu ploti yetu. Mtu akihama hatumwachi aende hivihivi. Chama kinamfuata kwa nyumba mpya, kila mmoja na kitu mkononi: sufuria, vikombe, leso, unga. Tunaimba mlangoni, tunaingia, tunakula, tunamwombea, na majirani wake wapya wanaona huyu mtu ana watu. Mwanamke ambaye hakutembelewa ni kama amefukuzwa. Hata yule Caro aliyehama bila kulipa stima tulimtembelea, tukamsema vizuri tukiwa hukohuko kwake, lakini tulimpelekea vikombe.

Kwa hivyo Sella akaanza kukosa usingizi.

"Ana sufuria moja," aliniambia asubuhi nikifagia. "Anapika chai na ugali na sufuria moja, Mama Ramzy. Na mkono mmoja."

"Caren alisema nini?"

"Caren alisema tusiseme. Hakusema tusiende."

Nilimfokea. Kesho yake akaja tena, eti ameota Risper analala kwa simiti. Nikamfokea tena, lakini hiyo ndoto ikanishika mimi pia, kwa sababu nilijua kwamba godoro lake lilibaki kwangu. Na unajua, penye wengi pana mengi. Siku ya tatu nilimkuta mama wa chumba cha katikati akikaanga mandazi, na nilipouliza ni ya nini akaangalia chini akasema, "Ya safari." Chama kizima kilishajua.

Tukakubaliana twende kimya kimya. Hakuna ngoma, hakuna sare ya chama. Sella ndiye alitoa wazo la mabuibui. Alisema, "Sisi Wajaluo na Waluhya nani atatujua tukijifunika? Watu watasema ni wamama wa Kinubi wa Makina wanaenda mambo yao." Usman, mume wangu, alikuwa anakunywa chai pembeni. Alinitazama, akatazama mabuibui niliyotoa sandukuni, akafungua mdomo, akaufunga. Ni mtu wa busara yule.

Basi piga picha. Wanawake saba weusi tititi, sita wanakanyaga pindo kila hatua, mmoja ana godoro kichwani, mwingine amefunga jiko kwa leso mgongoni kama mtoto. Niliwaambia buibui si koti la mvua, halikunjwi mpaka magotini, hawakusikia. Tulipopita Makina mzee mmoja wa duka la vitambaa akasimama. "Jawahir, harusi ya nani hii sijaalikwa?" Nikamwambia si harusi. Akashusha sauti, "Basi nani amefariki?"

Hapo Sella akacheka. Kicheko cha Sella kinajulikana kutoka Soweto West mpaka kwa reli. Buibui hufunika nywele, halifuniki kicheko. Na pale kwa fundi viatu alikuwa ameketi rafiki wa Benard, akingoja soli yake ishonwe. Hatukumwona. Yeye alituona vizuri sana, akatufuata bila kungoja soli.

Gikonyo, dereva tuliyemkodi, alitungoja barabarani na pikapu yake, tukapanda nyuma na godoro letu, na hata kabla ya Kawangware wote walikuwa wanaimba. Nikawaambia wanyamaze. Halafu wimbo ukafika ile sehemu ninayoipenda, na nikaimba.

Risper alifungua mlango kidogo, akaona ukuta wa watu weusi, na rangi ikamtoka usoni. Nilimwona akirudi nyuma na ule mkono wa plasta ameuinua kujikinga. Sella akafunua kichwa haraka, "Nyathina, mtoto wangu, ni sisi. Ni sisi watu wako."

Risper akatuangalia mmoja baada ya mwingine, Sella jasho linamtiririka, mama wa mandazi buibui limegeuka mbele nyuma. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaketi chini, na kutoka hapo akalia, na tukaingia wote kwa chumba kile kidogo tukamzunguka. Wengine waliketi juu ya ndoo. Tulipanga sufuria, tulitandika godoro, nikatoa gurusa nilizopika alfajiri, ule mkate wetu mwembamba, nikamlisha kwa mkono wangu kama mtoto. Alikuwa amekonda. Nilimwambia amekonda, nikamfokea, nikampa nyingine.

Tulikuwa katikati ya kula wakati mtu aliita hodi.

Sauti ile niliijua kabla kijiko hakijafika mdomoni. Risper aliijua pia. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na Benard alikuwa amesimama hapo, shati safi, mkate na maziwa kwa karatasi.

"Hamjambo akina mama," akasema. "Mama Ramzy, shukran kwa kumwangalia mke wangu."

Alikuwa na uso wa mtu aliyeamka kwa maombi. Akachuchumaa pale kizingitini, asiingie, heshima tele, akazungumza na Risper kana kwamba sisi ni mito ya makochi.

"Risper, twende nyumbani. Nimeacha pombe. Hata nimepaka nyumba mpya rangi, ile ya kijani unapenda. Korti utaenda kusema nini? Watu wacheke? Mambo ya nyumba tunamaliza nyumbani, mimi na wewe. Tazama, hata sijakasirika."

La kuvunda halina ubani, lakini wallahi huyu alijua kufukiza. Hata mimi nilianza kuona ile rangi ya kijani. Nikamgeukia Risper ili nimwone anavyomkataa, na nikaona miguu yake. Macho yalikuwa kwa sakafu, mdomo umefungwa, lakini miguu ilikuwa inatafuta malapa kando ya kitanda. Ilitafuta yenyewe, taratibu, kwa mazoea.

Sella aliiona pia. Sella, mwanamke mzito kama gunia la mahindi, alisogea kidogo kidogo, akajishusha, akakalia yale malapa.

Kisha tukapiga kelele wote pamoja. Sijui nani alisema nini. Najua mimi nilikuwa na mwiko, na najua nilimwita Benard majina ambayo mama yangu hakunifundisha. Majirani wakatoka. Gikonyo akashuka kwa pikapu na spana. Benard akasimama polepole, akapangusa magoti, akaweka mkate na maziwa kizingitini. Ule upole ukamtoka usoni.

"Sawa," akamwambia Risper. "Sasa najua unakaa wapi."

Akaenda zake. Maziwa yale niliyamwaga mtaroni.

Caren alifika jioni ile. Nilitaka afoke, mimi ninajua kupokea kufoka, ni kitu nimezoea kutoa. Hakufoka. Alitutazama tu, na yale mabuibui yametundikwa kila mahali, akasema kwa sauti ndogo, "Mlimpenda mpaka mkamwonyesha." Sella akaanza kulia.

Caren alipiga ripoti polisi, na afisa mmoja anayeitwa Kavoi akaja akaandika maneno yetu sote, saa nzima, kwa sababu kila mmoja alitaka kuanzia mwanzo wa dunia. Kisha Caren akasema ni lazima Risper ahame tena, kesho, mbali zaidi, na safari hii hata sisi tusijue.

"Sihami," Risper akasema.

Ilikuwa ni mnong'ono, lakini tuliusikia.

"Nimechoka kubebwa kama godoro. Nikihama na hapa atanitafuta. Na huko nitakuwa peke yangu, na akinipata niko peke yangu…" Akamgeukia Caren. "Caren, uliniuliza nikiogopa sana ninaogopa nini. Si yeye kuja. Naogopa mimi kumfungulia."

Hapo ndipo nilisema lile jambo. Sikulipanga, lilitoka tu.

Kwetu Wanubi mwanamke akijifungua haachwi peke yake. Arobaini nzima wanawake wanakaa naye kwa zamu, wanamkanda, wanampikia, wanamfukiza udi, na hata akienda choo ana mtu nyuma yake. Habuba wangu, yaani nyanya yangu, alikuwa akisema mwanamke wa arobaini kaburi lake bado liko wazi, kwa hivyo usimpe mgongo. Na mgeni mbaya haingii. Mwanamume haingii kabisa, hata baba wa mtoto anaombewa ruhusa.

"Tangu leo," nikamwambia Risper, "uko arobaini."

Wote tulijua Risper hakuwahi kupata mtoto, na tulijua pia hilo ndilo neno Benard alimchomea nalo kila akilewa. Arobaini za wenzake kwa ploti alizibebea uji, ya kwake hakuna aliyeipika.

"Mama Ramzy," akasema, "mimi sijazaa."

"Nani amekuuliza habari ya mtoto? Arobaini ni ya mtu aliyetoka kwa damu akiwa hai. Wewe umetoka kwa damu ama hujatoka?"

Akaangalia plasta yake muda mrefu. "Nimetoka," akasema.

"Basi lala."

Tukapanga zamu, wawili wawili, mpaka siku ya korti. Caren alisikiliza, akauliza nani atakuwa na simu, nani anajua kumpigia Kavoi, akasema mlango usifunguliwe mwanamume yeyote. Kisha akaomba gurusa. Ndipo nilijua ametusamehe.

Sijui kama umewahi kukaa arobaini na Sella. Anakoroma. Anaongea na redio. Anapika ugali mgumu wa kujengea ukuta, na mimi akinikuta nachemsha uji wa pilipili manga ananiambia nataka kumuua mgonjwa. Tulizozana kuhusu jinsi ya kumwogesha Risper bila kulowesha plasta mpaka akajiogesha mwenyewe sisi tukizozana. Mama wa mandazi alijaribu kumsuka. Risper alishika kioo, akajitazama, msusi wa Mashimoni nzima na mistari imeenda kama ng'ombe walioogopa mbwa. Akasema, "Asante, ni nzuri," na sote tukajua amedanganya.

Nilimfukiza udi kila jioni. Mwanzoni alisema ni moshi mtupu. Baadaye nikichelewa alikuwa anauliza.

Siku moja Usman alikuja. Mume wangu haendi mahali, miguu inamsumbua, lakini alikuja mpaka Gatina na kikapu. Alisimama nje, mbali na mlango, ametugeuzia mgongo. Nikamwambia, "Ingia basi ukunywe maji." Akasema, "Kwa arobaini? Nimelelewa mimi." Akaweka kikapu chini. Akasema bila kugeuka, "Mwambieni binti yangu ale ini, linarudisha damu." Akaenda. Risper alikuwa amesikia kila neno kutoka ndani. Alikula lile ini lote huku machozi yanaingia kwa sahani, na mimi nilijifanya natafuta chumvi.

Siku ya korti ikikaribia, Caren alituita sote saba, akatuambia Risper azoee kusema maneno yake kwa sauti. Sella akajipa uhakimu. Alijifunga leso kichwani, akakaa juu ya ndoo, akagonga sufuria na mwiko.

"Mama, eleza korti alikufanyia nini."

Risper akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Mheshimiwa," nikasema mimi, "alirudi jioni amelewa, akauliza chakula—"

"Na chakula kilikuwepo," mama wa mandazi akaingilia, "ni yeye alisema ni baridi."

"Haikuwa baridi," akasema Sella, hakimu mwenyewe. "Mimi nilinusa. Ilikuwa samaki."

Tukaendelea hivyo, kila mmoja na kipande chake, mimi nikiwa ndio mbele, nikieleza mpaka mkono ulivyoshikwa. Nilikuwa nimepandisha sauti kama kawaida yangu. Sikusikia Risper akiniita mpaka mara ya tatu.

"Mama Ramzy. Ni mimi nilipigwa."

Tukanyamaza. Kwa watu wa ploti yangu kunyamaza si kitu cha kawaida, na watu saba kunyamaza pamoja ni ajabu. Risper akaanza kusema. Alisema yote, ya siku ile na ya siku nyingine ambazo hata sisi tulioshiriki naye ukuta hatukuzijua. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyemsaidia hata neno moja. Nilitamani sana. Niliuma pindo la leso.

Korti tulijaza mabenchi mawili ya nyuma. Benard alikuwa mbele na wakili, shati lingine safi. Alitugeukia akatutolea salamu kwa kichwa, na Sella akamrudishia kitu ambacho hakikuwa salamu, karani akamwonya.

Risper alipoanza, hakimu alimwambia apandishe sauti. Akapandisha kidogo. Akaambiwa tena. Akashika ule ubao wa mbele kwa mkono mzima, akavuta pumzi, na sauti ikaja, si kubwa, lakini ilifika kwetu nyuma na ikapita. Akasema jinsi mkono ulivyovunjwa. Hakulia. Mimi ndiye nililia.

Kisha wakili wa Benard akasimama, kijana nadhifu, akamuuliza kama ni kweli alimwacha mume wake mara mbili na mara mbili akarudi mwenyewe, kwa miguu yake, bila kulazimishwa na mtu.

"Ni kweli."

"Kwa nini, kama alikuwa mtu mbaya hivyo?"

"Nilikuwa nampenda," Risper akasema. Akamwangalia Benard moja kwa moja, mara ya kwanza siku hiyo. "Hiyo haikuwa ruhusa."

Wakili akaketi baada ya maswali mengine mawili ambayo hata yeye hakuyapenda. Afisa Kavoi akaitwa, akaeleza jinsi Benard alivyoenda Gatina wakati korti ilimkataza. Benard akasema alikuwa anapita tu. Hakimu akamuuliza kama huwa anapita na mkate na maziwa. Bondi ikafutwa. Hukumu itasomwa siku yake, lakini mpaka hapo Benard angengoja rumande, na tulimwona akitolewa kwa ule mlango wa pembeni, shati lake limeanza kukunjamana.

Jioni tulirudi Kawangware kama watu wa harusi, safari hii na sare ya chama na bila kujificha. Gikonyo alipiga honi njia nzima. Nilipika pilau. Caren alicheka, nilimwona na macho yangu, meno yote, kumbe ana mwanya. Sella akamwiga hakimu, akamwiga wakili, akamwiga hata mimi nikilia, na Risper akacheka akishikilia ubavu.

Giza lilipoanza kuingia wengine wakaondoka, zamu ilikuwa yangu na Sella. Nikaanza kutandika pale chini kama kila siku, nikamwambia Sella asilale upande wa redio.

"Mama Ramzy," Risper akasema. "Usitandike."

"Tutalala kwa kitanda?"

"Mtalala kwenu."

Nikasimama na shuka mkononi. Nikamwambia arobaini haijaisha, bado siku kadhaa, mambo haya hayakatwi katikati. Akasema anajua. Nikamwambia Benard ana ndugu. Akasema Kavoi ana simu, na majirani wanajua, na Caren anajua. Nikamwambia uji wa asubuhi ataukoroga vipi na mkono mmoja. Akasema ataukoroga polepole.

"Na ukiamka usiku ukaogopa?"

"Nitaogopa," akasema. "Halafu nitalala tena." Akachukua ile shuka mikononi mwangu, akaikunja kwa mkono mmoja na kidevu, akaiweka juu ya kitanda. "Nataka kujua kama naweza, Mama Ramzy. Mkiwa hapa sitajua."

Alitukumbatia mmoja mmoja pale kizingitini. Alinuka udi. Nilitaka kumfokea, nilitafuta neno la kumfokea nalo, mtoto mbaya huyu, nikaishia kumfunga leso vizuri. Tukatoka. Akafunga mlango. Tukasikia komeo likisukumwa, likakwama, likasukumwa tena, likaingia.

Hatukuondoka. Sella aliegemea ukuta akaanza kupenga kamasi kwa buibui langu, alilojitandia kwa baridi ya usiku, nikamwambia anyamaze, na mimi nilikuwa nalia kumzidi. Tulisikiza. Maji yalimiminwa. Kitanda kikalia. Taa ikazimwa. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni, nikifika mia nitabisha nimuulize kama yuko sawa.

"Mama Ramzy," ikaja sauti kutoka ndani, kubwa, ya kusikika mpaka barabarani, na mbwa wa jirani akabweka. "Najua bado mko hapo. Endeni nyumbani."

Tukaenda.